Sifa Aliipotezea Wapi?

"Mwalimu, hiyo sifa yangu niliipotezea wapi?"

Aliyeniuliza ni mzee wa hapa Tabora aliyewahi kufungwa. Mimi ni mfasiri wa nyaraka za sheria, na swali lake limenikaa rohoni. Kila Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linapoboreshwa, tunasikia kuhusu "waliopoteza sifa" za kupiga kura. Lakini anayepoteza ni mwenye mali: umeangusha funguo, zitafute mwenyewe. Kitenzi hicho kinamficha aliyechukua.

Kiingereza husema disfranchise, yaani kumwondolea mtu haki ya kupiga kura. Shina lake ni franc ya Kifaransa cha kale, yaani huru, kutokana na jina la Wafranki, watu wa kale wa Ulaya. Franchise ilikuwa kwanza uhuru au upendeleo aliopewa mtu au mji. Maana ya kura ilikuja baadaye. Wagiriki wa Athens waliita atimia, kukosa heshima, na mwenye adhabu hiyo hakuruhusiwa kupiga kura barazani. Hapo wanatukaribia, maana sifa kwetu ni vigezo na ni heshima pia.

Neno kura lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni bahati nasibu. Ndiyo maana askari katika Biblia walilipigia kura vazi la Yesu.

Mimi huvitenganisha vitenzi. Aliyekuwa na haki ikaondolewa amevuliwa, kama mtu anavyovuliwa ubunge. Asiyewahi kuipata amenyimwa, na mji wetu unaujua mfano huo. Januari 1958 TANU walikutana hapa wakabishana juu ya uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ili uandikishwe ulihitaji kipato, elimu au wadhifa uliotajwa. Wakaamua kushiriki, ndio Uamuzi wa Busara. Mkulima aliyeachwa nje ya daftari lile hakupoteza kitu. Alinyimwa.

Mzee nilimfungulia Ibara ya 5 ya Katiba ya 1977. Raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Kisha Bunge linaruhusiwa kuweka masharti kwa sababu chache, mojawapo kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Kitenzi kilichotumika pale ni kuzuia. Aliyezuiwa asitumie haki yake bado ni mwenye haki, na yupo anayemzuia, anayeweza kuulizwa kwa nini.

Akaniomba nimsomee tena, polepole.