Keki ya harusi kwa bajeti finyu: yanayosemwa vikaoni Moshi na ukweli wake

Nimekuwa mweka hazina wa kamati tatu za harusi za ndugu mjini Moshi, na katika zote tatu kipengele kilichozua maneno mengi kuliko thamani yake kilikuwa keki. Ukumbi hupangiwa fedha mapema na vinywaji hufuata, lakini keki huachwa hadi kikao cha mwisho, wakati ahadi nyingi za michango bado ni ahadi tu, na hapo ndipo kila mjumbe huja na lake alilolisikia.

Dhana: waalikwa ni 300, kwa hiyo keki iwe ya watu 300.

Anayesema hivi hajautazama vizuri utaratibu wa ukumbini. Maharusi hukata keki na kulishana, kisha huwalisha wazazi wa pande zote mbili na wasimamizi, na baada ya hapo keki maalumu hukabidhiwa wakwe kwa vigelegele. Vipande vinapoanza kuzungushwa kwenye sahani, meza za nyuma ziko kwenye foleni ya chakula, na vijana wameshaanza kucheza. Katika harusi ya pili niliyosimamia, tulioka kwa hesabu kamili ya kadi tulizotoa, na saa nane usiku nikajikuta nabeba maboksi mawili ya keki isiyoguswa. Watoto nyumbani waliila wiki nzima hadi wakaanza kuulizia mkate. Kwa harusi yenye ndafu (mbuzi mzima wa kuchomwa) na chakula cha kutosha, mimi huanzia nusu ya idadi ya waalikwa, nikiwahesabu kwanza wale ambao kuwakosesha kipande kutaleta lawama. Kamati ikisisitiza kwamba kila mtu apate, dawa ni kuoka keki bapa za kawaida kwenye trei, zisizo na mapambo ya gharama, zikakatiwe jikoni na kuletwa ukumbini zikiwa vipande.

Dhana: ghorofa tatu ni keki kubwa kuliko ghorofa moja.

Hapa rula husema kweli kuliko macho. Tuchukue kipande cha ukumbini kuwa na upana wa inchi 1 na urefu wa inchi 2, na ghorofa zote ziwe na kimo kimoja. Keki ya mviringo ya inchi 6 hutoa vipande kama 14, ya inchi 8 hutoa 25, na ya inchi 10 hutoa 39, yaani jumla ni vipande 78 kwa ghorofa tatu. Keki moja ya mraba ya inchi 12 kila upande hutoa vipande 72. Tofauti ni vipande sita tu, lakini yule wa ghorofa tatu amelipia kuoka mara tatu, kupamba mara tatu na nguzo za kushikilia juu. Kimo ni kwa ajili ya picha, na hakuna ubaya kukilipia iwapo fedha ipo; ubaya ni kukilipia ukidhani unanunua chakula.

Anayetaka kimo bila gharama hiyo anaweza kutumia dami, yaani ghorofa bandia ya povu jeupe kama lile la kufungashia televisheni, iliyovikwa mapambo yaleyale. Wapo wazazi wanaoona aibu, kana kwamba wageni wanadanganywa. Nchini Uingereza, serikali ilipopiga marufuku kupaka sukari juu ya keki mwaka 1940 kwa sababu ya vita, waokaji walikodisha makasha ya karatasi ngumu au plasta yaliyopambwa, na ndani yake kikawekwa kikeki kidogo cha kawaida. Watu walioa na kuolewa. Cha muhimu ni MC na maharusi waelezwe mapema upande ulio wa kweli, maana kisu kikizama kwenye povu mbele ya kamera hakuna namna ya kuficha.

Dhana: kilo ni kilo, kwa hiyo tutafute tu mwenye bei ya chini.

Waokaji wengi hutaja bei kwa kilo, na hapo ndipo kamati hujikwaa. Uliza kilo ya nini. Kilo moja ya unga, ikishaongezwa sukari, mayai na siagi, hutoa keki yenye uzito mkubwa kuliko kilo moja, na keki iliyopimwa ikiwa imeshavikwa sukari nzito hubeba uzito mwingine ambao wageni wengi watauacha pembeni mwa sahani. Bei mbili zinazoonekana kutofautiana zinaweza kuwa sawa, na zinazoonekana sawa zikapishana mbali. Omba vipimo vya inchi, kimo, na idadi ya vipande, viandikwe kwenye risiti ya malipo ya awali.

Dhana: keki ya maana hutoka mji mkubwa.

Kwa harusi ya binamu yangu tuliagiza keki Arusha, kiasi cha kilomita 80 tu, ikapakiwa kwenye gari la Noah ikiwa imeshapandishwa ghorofa zake zote. Tulipofungua mlango wa nyuma, ghorofa ya juu ilikuwa imedidimia ndani ya ile ya chini, na ufa ulipita katikati ya waridi la sukari kama ufa wa ukuta. Mpambaji aliuziba kwa maua ya kweli aliyoyachomoa meza kuu. Kosa halikuwa la barabara peke yake: ghorofa husafirishwa mbalimbali, kila moja kwenye ubao wake, na hupandanishwa ukumbini juu ya vijiti vinavyobeba uzito. Gharama ya mtu wa kuja kufanya kazi hiyo huwa haimo kwenye bei uliyotajiwa mwanzoni.

Hata kwa anayefanyia harusi Arusha kwenyewe, mwokaji wa jirani ana faida nyingine isiyosemwa. Arusha iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na huko juu hewa huwa nyepesi, hivyo gesi ya beking pauda hutanuka zaidi. Keki iliyofuata kipimo cha pwani bila kupunguza huumuka haraka, kisha hubonyea katikati. Mama anayeoka nyumbani kwake Sakina au Njiro, mitaa ya Arusha, ameshayajua hayo kwa keki zake za kwanza zilizoharibika, na wewe hulipii tena somo hilo. Nenda uonje keki yake, na utazame jiko lake.

Kuhusu krimu na fondanti (ile sukari nzito ya kuvika keki), tazama joto kabla ya bei. Siagi huyeyuka kwenye nyuzijoto kati ya 32 na 35, na mchana wa Moshi kuanzia Desemba hadi Machi huweza kufika huko, kwa hiyo krimu ya siagi inafaa kwa harusi ya Julai kuliko ya Krismasi, msimu ambao nusu ya ukoo umerudi nyumbani. Na habari ya kuhifadhi ghorofa ya juu kwa mwaka mzima iachwe: desturi hiyo ya Waingereza ilihusu keki nzito ya matunda makavu na pombe kali, si keki laini ya vanila.

Dhana: bila keki harusi haijakamilika.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, keki haitajwi. Uchaggani kwenyewe, ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kusimamishwa mezani akiwa na majani mdomoni, huingizwa kwa nyimbo, hukatwa na maharusi na kukabidhiwa wakwe, na wengi humwita keki ya Kichagga bila utani. Kamati ya harusi ya tatu ilikubali, baada ya mabishano ya jioni nzima, keki moja ya inchi 8 kando ya ndafu. Picha zilipotoka, mama mdogo wa bibi harusi, ambaye ndiye aliyepinga zaidi, aliagiza nakala ya ile ya ndafu.