Tiba asili ya Kichina na maana ya ushahidi wa kisayansi

Tiba asili ya Kichina ni jina linalokusanya mambo mengi: dawa za mitishamba, uchomaji wa sindano katika nukta maalumu za mwili, ukandaji, mazoezi ya viungo na kanuni za ulaji, yote yakifungamanishwa na nadharia ya chi, yaani nguvu inayosemekana kuzunguka mwilini, na ya mizani ya yin na yang, yaani pande mbili zinazokinzana na kukamilishana. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo tiba hiyo imethibitishwa na sayansi haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Sayansi haipimi mapokeo mazima kwa mkupuo. Hupima dai moja moja, yaani iwapo dawa fulani, kwa ugonjwa fulani na kwa kipimo fulani, humsaidia mgonjwa kuliko ambavyo angepata nafuu bila ya kuitumia.

Mfano ulio bora unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani umo ndani ya dawa mseto ya malaria. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou akapewa kuongoza kikundi kimoja mjini Beijing. Kikundi hicho kilipekua maandishi ya kale na kuijaribu mitishamba mingi, ukiwamo ule uitwao qinghao, ambao matokeo yake yalikuwa yakibadilikabadilika. Aliporejea kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, Tu alikuta maelekezo ya kuloweka konzi moja ya mmea huo katika maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hakuna kuchemsha! Alihisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, na mwaka 1971 dondoo lake likaua vimelea vyote katika panya na nyani. Majaribio kwa wagonjwa yakafuata, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Kitabu kilitoa fununu yenye thamani kubwa. Uthibitisho ulitoka kwenye majaribio.

Kwa upande wa sindano, mambo hayakunyooka hivyo. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya mgongo, asilimia 47.6 ya waliochomwa katika nukta za jadi walipata nafuu, na asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu pasipo nukta hizo, ilhali kwa waliopewa matibabu ya kawaida waliopata nafuu walikuwa asilimia 27.4. Nafuu ilikuwapo, ila nadharia ya nukta haikupata nguvu.

Wapo wanaosema kwamba dawa iliyotumika kwa maelfu ya miaka haiwezi kudhuru. Mimi siikubali hoja hiyo. Nchini Ubelgiji, katika miaka ya 1990, zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene ambamo nafasi ya mmea mmoja wa Kichina ilikuwa imechukuliwa na mwingine, wa jamii ya Aristolochia, kwa kufanana majina, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Madhara yanayojitokeza miaka mingi baada ya dozi ya mwisho hayawezi kubainiwa na tabibu anayeona mgonjwa mmoja mmoja, hata awe mwangalifu namna gani.