Viza ya Schengen: Kibali cha Kufika Mpakani, si cha Kuuvuka

Maswali mengi yanayoletwa kwenye dawati letu la ushauri kwa wasafiri hutokana na dhana moja, kwamba mtu akishabandikiwa kwenye pasipoti viza ya Schengen, yaani viza moja ya kutembelea nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, shughuli imekwisha. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya inasema kinyume chake, tena waziwazi: kuwa na viza hakumpi mtu haki ya moja kwa moja ya kuingia. Viza humruhusu kufika mpakani na kuomba kuingia, na hapo ofisa wa mpaka ana mamlaka ya kuuliza upya yaleyale yaliyoulizwa ubalozini: unakwenda kufanya nini, utalala wapi, utajikimu kwa fedha gani na utaondoka lini. Kwa sababu hiyo, barua ya mwaliko, uthibitisho wa malazi, hati ya bima na tiketi ya kurudi vikae kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya begi lililokwishapakiwa tumboni mwa ndege.

Hata kabla ya ofisa huyo kuna kaunta ya shirika la ndege. Shirika likimfikisha Ulaya abiria asiye na hati zinazotakiwa, hulazimika kumrudisha kwa gharama zake na huweza kutozwa faini, ndiyo maana mhudumu wa Dar es Salaam au Nairobi huipekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa kana kwamba yeye ndiye Uhamiaji. Hana mamlaka ya kukupa viza, lakini anaweza kukuzuia kupanda, na kubishana naye hakusaidii.

Eneo la Schengen lina nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus ni wanachama lakini hazimo. Uingereza haimo, na ina viza yake. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, na kama huwezi kuitaja mojawapo, kwa ile utakayoingilia. Kutafuta ubalozi unaosifiwa kuwa mwepesi na huku unakwenda kwingine ni kujitengenezea swali gumu mpakani.

Sasa tuitazame stika yenyewe, kwa kuwa wengi huisoma nusu. Tuseme imeandikwa kuwa inatumika kuanzia tarehe 3 Juni hadi tarehe 2 Julai, idadi ya kuingia ni 1, na muda wa kukaa ni siku 15. Tarehe hizo mbili ni dirisha tu ambalo safari inapaswa kufanyika ndani yake, na kwa kawaida huwa tayari zimejumlisha siku 15 za tahadhari iwapo safari itasogea. Kinachokubana ni zile siku 15. Ukiingia tarehe 5 Juni, siku yako ya mwisho ni tarehe 19 Juni, kwa kuwa siku ya kufika na siku ya kuondoka zote huhesabiwa. Anayesubiri hadi tarehe 2 Julai kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwenye stika amezidisha muda, na mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka, ulioanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2025 kwa kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri, utamhesabia bila kukosea.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi ana hesabu nyingine: siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Kipindi hicho hakianzi Januari wala siku viza ilipotolewa. Kila siku unayokuwa huko, unahesabu siku 180 kurudi nyuma, siku hiyo ikiwemo. Chukua mtu aliyeingia tarehe 10 Januari 2026 na kutoka tarehe 10 Machi, yaani siku 60. Akirudi tarehe 1 Juni amebakiwa na siku 30, hivyo siku yake ya mwisho ni tarehe 30 Juni. Siku za Januari huanza kumrudia moja moja kuanzia tarehe 9 Julai. Anayedhani kwamba kutoka na kuingia tena kunaanzisha hesabu mpya hugundua kosa akiwa tayari uwanjani.

Kuhusu maombi, mambo ya msingi yanajulikana: hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka, bima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Kinachowaangusha wengi ni taarifa ya benki. Akaunti iliyolala kwa miezi kadhaa, kisha ikapokea mamilioni wiki moja kabla ya maombi, haithibitishi uwezo. Inaonyesha mkopo wa kuazima salio, na maofisa wameziona nyingi. Mshahara mdogo unaoingia kila mwezi, pamoja na barua ya ruhusa ya mwajiri, hueleweka zaidi. Vishoka wanaouza barua za mwaliko na taarifa za benki za kughushi huondoka na fedha, na jina linalobaki kwenye kumbukumbu za viza, ambazo hutunzwa miaka 5, ni lako.

Anayepita tu uwanja wa ndege naye aangalie. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mfano, huhitaji viza ya kupita hata kama hatoki nje ya eneo la abiria wa kimataifa, isipokuwa awe na vibali fulani vinavyomwondolea sharti hilo. Mtanzania hayumo katika orodha ya pamoja ya raia wanaohitaji viza hiyo, lakini akinunua tiketi mbili zilizotengana na kulazimika kuchukua mzigo Amsterdam ili ausajili upya kwenda London, atakuwa anaingia Uholanzi, na atahitaji viza ya kuingia.

Kuhamia ni jambo jingine. Kusoma, kufanya kazi au kuungana na mwenzi kwa zaidi ya siku 90 kunahitaji viza ya kitaifa, aina ya D, ambayo kila nchi huitolea masharti yake. Ujerumani, kwa mfano, ilipandisha kiasi cha kuwekwa na mwanafunzi kwenye akaunti maalumu hadi euro 11,904 kwa mwaka kuanzia Septemba 2024. Kwenda kwa viza ya matembezi kwa nia ya kuibadilisha ukishafika, kwa kawaida hakukubaliki.

Ombi likikataliwa, utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama, na una haki ya kukata rufaa chini ya sheria za nchi iliyokataa. Soma muda wa mwisho siku hiyohiyo. Ujerumani ilifuta tarehe 1 Julai 2025 utaratibu wa kuuomba ubalozi uufikirie upya uamuzi wake, na njia iliyobaki huko ni kufungua shauri mahakamani Berlin au kuomba upya. Kukataliwa mara moja hakufanyi ombi jipya likataliwe moja kwa moja, ilimradi sababu iliyowekewa alama ijibiwe kwa hati mpya; aliyeandikiwa kwamba madhumuni ya safari hayakuthibitishwa hasaidiwi na kuongeza fedha kwenye akaunti.