Ndoto ya Desemba, ng'ombe wa Aprili

Kila Januari, watu wakishateremka Mlima Kilimanjaro kurudi mijini, sisi wa ugani, tunaoshauri wakulima na wafugaji, tunapokea ujumbe uleule: "Mtaalamu, nimechoka na mjini. Nataka niache kazi nirudi kihambani, kwenye shamba la ukoo nyumbani, ng'ombe wawili tu wa maziwa, nipumzike." Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Safari hii najibu hapa kwa wote: ukitaka kupumzika, kitu cha mwisho kununua ni ng'ombe wa maziwa.

Hebu tazama ndoto hiyo imezaliwa lini. Imezaliwa kati ya Krismasi na mwaka mpya, huko Kibosho au Marangu. Vuli imetoka kupita, majani yamejaa, migomba inang'aa. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ipo; mbege, pombe ya ndizi, ipo. Unaamka saa 2 asubuhi, chai ya maziwa iko mezani. Sasa niambie, nani alikamua saa 11 alfajiri? Nani aliyezoa samadi? Kwa kawaida ni shemeji yako, au kijana ambaye hata jina lake la pili hulijui. Wewe ulionja maisha ya mgeni, ukadhani umeonja maisha ya mwenyeji.

Kijiji hakina kasi yake. Kasi inatokana na unachofuga na unachopanda, na hapo ndipo watu wananichosha, kwa sababu wanachagua kitu chenye ratiba kali kuliko ofisi yoyote ya Moshi mjini halafu wanakiita utulivu.

Ng'ombe anayekamuliwa anataka mkono wako mara mbili kwa siku, kwa nafasi ya saa 12 au karibu na hapo: saa 11 alfajiri, saa 11 jioni. Hilo si suala la nidhamu ya mfugaji, ni mwili wa ng'ombe. Kiwele kikijaa kupita kiasi, msukumo wa ndani unapunguza utengenezaji wa maziwa, na yale yanayobaki bila kukamuliwa yanawapa bakteria chakula. Ruka zamu mara kadhaa kwa sababu ya harusi Arusha na utaona mabonge kwenye maziwa ya mwanzo. Huo ni ugonjwa wa kiwele. Utatibu kwa antibayotiki, na maziwa ya siku zote za dawa, pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, hayauzwi wala hayanywewi. Chuchu iliyoharibika inaweza isirudi tena.

Chakula. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Mabingobingo mabichi, yaani majani ya tembo, ni maji zaidi ya robo tatu, kwa hiyo unazungumzia kilo 60 hivi za majani mabichi, kila siku, kwa ng'ombe mmoja. Maji ni lita 80 au zaidi akiwa na maziwa mengi, yaani madumu manne. Zidisha mara mbili, maana ulisema wawili. Kihamba cha nusu ekari chenye migomba na kahawa hakiwezi kutoa majani hayo. Ndiyo maana unakutana na pikapu zinapanda mlima zimejaa nyasi na mabua ya mahindi kutoka tambarare. Kuna anayesema atawapa migomba. Mgomba ni maji yenye nyuzinyuzi. Unajaza tumbo, haujazi ndoo. Na pumba nayo ina hesabu yake: takriban kilo 1 kwa kila lita 2 zinazozidi lita 6 au 7 ambazo majani mazuri pekee yanaweza kuleta.

Tena hapo sijagusa joto, yaani siku ambazo ng'ombe yuko tayari kupandwa. Ng'ombe anarudi kwenye joto kila siku 21 hivi, na dalili zinaweza kuwa wazi kwa nusu siku tu, mara nyingi usiku. Waliofungwa kila mmoja kwenye kizimba chake hawapandani, kwa hiyo utegemee kulia, kukosa utulivu, maziwa kushuka ghafla, na ute mwangavu unaoning'inia nyuma kama ute wa yai. Ukimwona asubuhi, mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu, aje jioni. Ukimwona jioni, aje kesho asubuhi. Ukikosa, umelisha wiki tatu nyingine bila mimba. Mimba yenyewe ni miezi 9 na siku kadhaa, na miezi 2 ya mwisho lazima umwache akauke, yaani usimkamue. Kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri kabisa, ng'ombe mmoja ana miezi miwili ya kula bila kulipa. Wawili watasaidiana tu kama wanazaa kwa kupishana, na wanaonunua kwa haraka ya Januari huwa wananunua mitamba wawili wenye mimba ya umri mmoja.

"Nitaweka kijana." Sawa. Kijana naye ana kwao, na kwao wanakula Krismasi tarehe ileile. Tena kijana asiyesimamiwa ndiye anayeweka maji kwenye maziwa na kusahau kuogesha dhidi ya kupe, na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, haisubiri wikiendi yako. Kilimo cha simu, cha kusimamia shamba kwa kupiga simu kutoka mjini, mnakijua.

Kuku wa nyama? Wiki 5 au 6 za mbio, na wiki mbili za mwanzo unaamka usiku kuangalia joto la vifaranga. Kahawa ni polepole kwa maana ya kusubiri: miaka 3 hivi kabla ya mavuno ya maana. Lakini msimu ukifika unachuma nyekundu tu, unarudi mti uleule kila wiki moja au mbili kwa miezi, na ulichochuma leo kinamenywa leo, kinachachuliwa, kinaoshwa, kisha kinakaa kichanjani siku 10 au zaidi mtu akigeuza na kufunika mvua ikitishia.

Anayetaka polepole ya kweli apande migomba, magimbi, na parachichi za kupandikizwa. Mgomba unavumilia usipoonekana siku nne. Acha mama, mtoto na mjukuu kwenye shina, ng'oa machipukizi mengine, weka samadi. Fedha yake ni ndogo, ndiyo. Polepole ina bei yake.

Utajuaje kama ndoto yako ni ya kweli? Sheria ya ajira inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ichukue Aprili, masika yakiwa katikati, matope yamefika kwenye vifundo, nguo hazikauki. Usiichukue Desemba. Kamua mwenyewe siku zote 28, Jumapili ikiwemo, kata majani kwenye mvua, gari liache mjini. Kabla ya hapo andika Jumanne moja ya ndoto yako saa kwa saa, toka alfajiri hadi kulala, na kila kazi iwe na jina la anayeifanya. Ukiona jina lako linatokea kwenye chai na kwenye kibaraza tu, nadhani unahitaji usingizi na bosi mwingine. Shamba haliwezi kukupa hivyo viwili.

Fedha nazipitia haraka. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Bima ya afya ya kazini inakatika. Pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inataka michango ya miezi 180, na kustaafu kwa hiari kunaanza miaka 55, kwa hiyo ukiwa na 150 tulia kwanza uhesabu. Ada za watoto hazishuki kwa kuwa umehamia Uru.

Lakini nikiri kinachonisumbua. Siku 28 hazionyeshi mwaka wa tatu, ugeni ukiwa umeisha na wenzako wa mjini hawapigi tena simu. Na hesabu zangu karibu kila mara zinamkatisha mtu tamaa, ilhali kuna watu wenye hesabu mbovu wanaokaa vizuri kule juu, na wenye hesabu safi wanaouza ng'ombe kabla ndama hajaachishwa. Sina kipimo cha kuwatofautisha. Ninachokiona ni kwamba wanaobaki huwa wanapenda kazi fulani hasa, labda kupogoa au kulea ndama, na utulivu hawautaji sana.

Jambo la mwisho ndilo linaloharibu mipango mingi kuliko kupe. Kihamba unachokiota si chako peke yako. Kwa desturi nyumba ya baba huelekea kwa kitinda mimba, kaka mkubwa ana sehemu yake, na dada zako wana haki ambayo wazee hupenda kuisahau hadi kesi ifike. Itisha kikao cha ukoo, mama akiwepo, muhtasari uandikwe na kila mtu aweke sahihi: mpaka uko wapi, banda litakaa wapi, maji ya mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia, ni zamu ya nani, na nani atalipwa ukijenga kwenye sehemu isiyo yako. Kikao kifanyike kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, na si Desemba, maana Desemba kila mtu anakubali.