Usalama wa kisaikolojia kazini: maana yake na unavyojengwa

Usalama wa kisaikolojia kazini ni imani waliyo nayo watu wa timu moja kwamba mtu akiuliza swali linaloonekana la kitoto, akikiri kosa, au akimwambia mkuu wake "hapa naona tunapotea", hatachekwa, hatatengwa wala kukomolewa baadaye.

Imani hiyo ni ya kundi zima. Unaweza kumwamini sana mwenzako wa meza ya jirani, na bado mkiingia kikaoni mkanyamaza wote wawili kwa sababu mnajua yaliyompata aliyesema mwezi uliopita. Ndiyo maana ndani ya kampuni moja, yenye mishahara na kanuni zilezile, idara hii watu huongea na idara ile watu hutazama simu zao.

Dhana yenyewe si ngeni. Wasomi wa masuala ya taasisi Edgar Schein na Warren Bennis waliizungumzia mwaka 1965, na msomi mwenzao William Kahn akaichambua tena mwaka 1990. Aliyeipa umbo linalojulikana leo ni Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, kwa utafiti wa timu 51 za kampuni moja uliochapishwa mwaka 1999. Ila kilichomfikisha huko kilianzia hospitalini. Alikuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa wodini, akitarajia kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu bora ndizo zilizoandikisha makosa mengi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba pengine hazikukosea zaidi ya wengine, bali zilikuwa zinasema. Kwingine ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Wakuu wengi hupata shida kulipokea hili, kwamba ripoti safi inaweza kuwa dalili mbaya.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayeiona hatari kwa macho yake, anyamaze? Hesabu yake si ngumu. Ukisema, gharama ni yako na unailipa leo: sura ya bosi, miguno ya wenzako, jina la mkorofi. Faida, kama ipo, ni ya wote na itakuja baadaye. Ukinyamaza hakuna anayekuona.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, rubani mkuu wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, aliongeza nguvu ya injini kabla ya ruhusa ya kuruka kutolewa. Msaidizi wake akamkumbusha kwamba ruhusa bado. Rubani akajibu kuwa anajua, akamwagiza aiombe. Muda mfupi baadaye ndege ikaanza kukimbia ndani ya ukungu, ruhusa ikiwa bado haijatolewa, na safari hii msaidizi hakumzuia waziwazi. Injinia wa ndege akauliza kama ndege nyingine, ya shirika la Pan Am la Marekani, ilikuwa haijatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka. Hakurudia. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583. Ukungu ulichangia, na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana yalichangia, lakini walau mtu mmoja ndani ya chumba cha marubani alikuwa na shaka sahihi, akaimeza. Ajali hiyo ni miongoni mwa zilizosukuma mashirika ya ndege kuwafundisha wadogo namna ya kumpinga mkubwa, na wakubwa namna ya kupingwa.

Wapo wanaodhani usalama huu ni upole: kusifiana, kutomkwaza mtu, kuufumbia macho uzembe. Timu ya namna hiyo mara nyingi ndiyo isiyo salama, maana kila mmoja anaogopa kuharibu raha ya wenzake. Kiwango cha kazi ni suala jingine. Kiwango kikiwa juu na usalama ukiwa chini, watu huishi kwa wasiwasi na kuficha mambo. Usalama ukiwa juu na kiwango kikiwa chini, ofisi hugeuka kijiwe. Wala hakuna anayeahidiwa kwamba wazo lake litapita, anaahidiwa kusikilizwa. Aliyeghushi risiti bado atawajibishwa, tena asipowajibishwa wenzake ndio watakaovunjika moyo.

Hali hii haijengwi kwa tangazo. "Mlango wangu uko wazi" ni kauli isiyomgharimu msemaji chochote. Kazi yote ya kuvuka kizingiti ameachiwa mdogo. Sanduku la maoni nalo, kwa mtazamo wangu, ni kipimo zaidi kuliko dawa. Kama watu husema kweli pale tu wasipojulikana, jibu umeshalipata.

Hujengwa katika zile sekunde chache baada ya mtu kusema. Kijana wa miezi miwili kazini anainua mkono: "Samahani, naona takwimu za ukurasa wa tatu hazilingani na za mwaka jana." Meneja anajibu, "Hizo zilishapitiwa na watu wenye uzoefu." Hajamtukana mtu, lakini kila aliyepo mezani amepata somo. Angeweza kusema, "Hebu tuonyeshe ni wapi," wakaangalia pamoja, hata kama mwishowe ingeonekana kijana ndiye aliyesoma vibaya.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. "Kuna swali?" mwishoni mwa kikao ni njia ya kuagana tu. "Ni kitu gani katika mpango huu kinaweza kutukwamisha?" hudai jibu. Inasaidia pia mkuu akiongea wa mwisho, maana akishatoa msimamo wake wengine hubaki na kazi ya kuitikia. Zipo taasisi zilizoliingiza jambo hili ndani ya utaratibu wa kazi badala ya kutegemea tabia ya mtu. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba au hubonyeza kitufe cha kuomba msaada, kiongozi wa timu huja, na uzalishaji unaweza kusimama. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka wote walioko chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kisu kugusa ngozi. Inaonekana kama adabu tu, lakini mtu ambaye sauti yake imeshasikika mara moja huona wepesi kufungua mdomo tena.

Kigumu ni kumbukumbu. Mtu mmoja akidhalilishwa mbele ya wenzake, habari zake husimuliwa kwa waajiriwa wapya hata baada ya yeye kuondoka. Bosi aliyefoka kikaoni kisha akamwomba radhi mhusika pembeni ametengeneza na mtu mmoja. Wengine waliokuwepo hawana habari. Radhi hiyo inatakiwa itolewe kikaoni, mbele ya walewale, na jambo alilokuwa akilisema mtu yule lirudishwe mezani lijadiliwe.