Wagugunaji wa kale wa Amerika ya Kusini: dhana potofu na ukweli

“Walishuka kutoka kaskazini kupitia Panama.”
Nchi kavu ya Panama iliunganisha mabara hayo mawili takriban miaka milioni 3 iliyopita. Wakati huo mababu wa kapibara (mgugunaji mkubwa kuliko wote walio hai leo) na simbilisi walikuwa wamekwisha kuishi kusini kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Wapo panya waliopitia kaskazini kweli, ila hao ni wageni wa juzi. Asili ya kapibara na jamaa zake ni Afrika: meno ya mababu zao yanafanana na ya wagugunaji wa kale waliochimbuliwa Fayum, Misri, na vinasaba vinawaweka karibu na ndezi na fuko uchi. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba walivuka Atlantiki, iliyokuwa nyembamba kuliko leo, juu ya miti na matope yaliyong’olewa na mafuriko. Tumbili wa Amerika nao wanadhaniwa kuvuka vivyo hivyo.

“Msitu wa mvua hauhifadhi visukuku.”
Dhana hii ndiyo iliyochelewesha elimu kuliko zote. Mifupa huoza, sawa, lakini enameli, yaani tabaka la nje la jino, ni ngumu mno. Huko Contamana, kwenye nyanda za chini za Amazon nchini Peru, watafiti huchota udongo wa kale kwenye kingo za mito, wakauosha juu ya chekeche laini, wakaukausha, kisha wakachambua chembe moja moja chini ya hadubini. Gego la milimita moja au mbili, kwa mikunjo yake tu, linatosha kutambulisha spishi. Mwaka 2011 walitangaza aina mpya kadhaa, zikiwemo Cachiyacuy na Canaanimys, wakizikadiria kuwa na miaka milioni 41 hivi. Wapo wanaobisha kwamba tabaka la udongo yalikotoka meno hayo ni changa zaidi. Hata hivyo linaitangulia Panama kwa mbali sana.

“Basi walianza kutofautiana kusini, Patagonia na Andes.”
Huko ndiko tulikotafuta kwanza, kwa kuwa miamba iko wazi. Meno ya Contamana yanaonyesha aina kadhaa zikiishi pamoja karibu na ikweta tangu mapema.

“Wote walikuwa wadogo.”
Phoberomys, mgugunaji wa kale wa Urumaco, Venezuela, aliyeishi miaka milioni 8 hivi iliyopita, alikadiriwa mwaka 2003 kuwa na kilo 700. Makadirio ya baadaye yamepungua, lakini bado anamzidi kapibara mara kadhaa.