Laurie Halse Anderson: Yanayosemwa Kuhusu Riwaya Zake na Yaliyomo Kweli

Mwandishi wa Marekani Laurie Halse Anderson, aliyezaliwa mwaka 1961 jimboni New York, ameandika riwaya za vijana ambazo wazazi wengi huziogopa kabla hata ya kuzifungua. Speak, iliyotoka mwaka 1999, ni miongoni mwa vitabu vinavyolalamikiwa sana katika shule na maktaba za huko. Mwaka 2020 ilishika nafasi ya nne katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani. Mengi yanayosemwa juu yake husemwa na watu wasiomsoma, na wanaopata hasara ni wasichana wanaomhitaji.

“Ni vitabu vichafu.” Mwaka 2010, makala katika gazeti moja la Missouri iliiweka Speak katika kundi la ponografia. Ukweli ni kwamba Melinda Sordino, msichana anayeingia darasa la tisa, alibakwa kwenye sherehe kabla shule haijafunguliwa. Tukio lenyewe husimuliwa baada ya nusu ya kitabu kupita, kwa kurasa chache na sentensi zilizokatika, na hakuna neno lililowekwa ili kumsisimua msomaji. Sehemu kubwa ya kitabu ni mwaka wa shule unaofuata: midomo anayoitafuna hadi inatoka damu, stoo ya vifaa vya usafi anamojificha, marafiki waliompa kisogo kwa kuwa alipiga simu polisi usiku ule.

“Msichana jasiri wa riwaya ni yule anayepigana.” Dhana hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu hata wapenzi wa vitabu wanayo. Melinda hapigani, ananyamaza. Anatoroka vipindi, anadanganya, maksi zinaporomoka, na moyoni anawakejeli walimu kwa ucheshi mkali. Wasomaji wengine hukereka naye: kwa nini hasemi? Lakini Anderson ametuweka kichwani mwake, tukasikia kila anachowaza huku wazazi wake mezani wasisikie chochote. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwalimu wa sanaa anampa kazi ya mwaka mzima ya kutengeneza mti, na kila mti unaoharibika unatuonyesha hali yake kuliko ambavyo angeeleza. Aliyembaka anapomvizia tena, ndani ya stoo ile, Melinda anapiga ukelele, anavunja kioo na kumwekea kipande shingoni. Tunaamini ukelele ule kwa sababu tumeona ulivyokusanyika tangu mwanzo.

Isabel wa Chains (2008), riwaya yake nyingine, ni mtumwa mjini New York mwaka 1776. Anawapelekea habari za siri Wamarekani wanaopigania uhuru kutoka kwa Waingereza, kisha anagundua kwamba uhuru wanaoutaka haumhusu yeye. Hana upande isipokuwa mdogo wake Ruth. Naye Lia wa Wintergirls (2009), anayejinyima chakula hadi kukaribia kufa, anashonea sarafu kwenye vazi lake ili mizani imdanganye mama wa kambo. Ni vigumu kumpenda Lia katika kila ukurasa, na nadhani mwandishi alikusudia hivyo.

“Hadithi ya giza humfundisha mtoto mambo ya giza.” Kwa Wintergirls, hofu hii ina msingi kidogo. Kitabu kimejaa hesabu za kalori na uzito, na kwa msichana ambaye tayari anaugua, namba hizo zinaweza kumchochea. Mzazi wa mtoto kama huyo ana haki ya kumwambia asubiri. Hata hivyo kitabu hakiupambi ugonjwa: rafiki yake Lia, Cassie, anakufa peke yake motelini baada ya kupiga simu mara 33 bila Lia kupokea. Kwa Speak sikubali kabisa. Anderson alibakwa akiwa na miaka 13 na akakaa na siri hiyo miaka mingi. Ameyaeleza katika Shout, kumbukumbu alizoandika kwa mashairi mwaka 2019. Yaliyompata hayakutoka kwenye riwaya yoyote.

“Hajui kuandika kingine.” Kitabu chake cha kwanza, Ndito Runs (1996), ni cha picha, kuhusu msichana wa Kenya anayekimbia kwenda shule. Fever 1793 inahusu homa ya manjano mjini Philadelphia. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya Astrid Lindgren, ya fasihi ya watoto na vijana, nchini Sweden, yenye kroni milioni 5, kwa kazi zake zote.

“Ni vya wasichana tu.” Anderson ameandika kwamba katika miaka 20 ya kuzungumza na wanafunzi, wavulana wamekuwa wakimuuliza tena na tena kwa nini Melinda aliumia kiasi kile. Wengi wao hudhani mbakaji ni lazima awe mtu asiyejulikana, mwenye silaha. Andy Evans, aliyembaka Melinda katika Speak, ni kijana mkubwa anayependwa shuleni, na Melinda alifurahi alipomchagua kucheza naye dansi. Mvulana anayeuliza swali lile ningempa kitabu hiki kabla ya kumpa msichana, na ningemwomba akisome chote, asiishie pale penye sherehe.